Tairi la Pikapu Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Mzigo

Mwezi wa saba, miaka mitatu iliyopita, tairi la nyuma la upande wa kushoto la pikapu yangu lilipasuka katika bonde la mibuyu, kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi, nikiwa na magunia kumi ya viazi mviringo niliyoyapakia Njombe alfajiri ya siku hiyo kuyapeleka soko la Morogoro. Sikuumia, wala kijana aliyekuwa ameketi pembeni yangu hakuumia, kwa kuwa tulikuwa tukienda polepole nyuma ya lori na barabara hapo imenyooka. Gari liliyumba, nikalishikilia, nikaliacha lipungue mwendo lenyewe bila kukanyaga breki kwa nguvu, tukasimama kwenye ukingo wa lami. Nilipoliangalia tairi lile nilishangaa, kwa sababu kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zilikuwa bado nene na nilikuwa nimelitumia miezi mitano tu.

Fundi tuliyemkuta mbele, mzee mwenye banda la mabati na pampu inayoendeshwa kwa injini ndogo, alilizungusha lile tairi mikononi mwake, akaingiza vidole ndani na kuonyesha mahali ambapo mpira ulikuwa umegeuka unga mweusi na nyuzi zimeachana kuzunguka ubavu wote. Akaniambia, “Dada, hili tairi halikuchoka. Limeelemewa.” Kisha akasoma namba zilizoandikwa ubavuni, akanyamaza kidogo, akauliza nani aliniuzia tairi la gari la abiria kwa gari la viazi.

Sentensi ile ndiyo iliyonifanya nijifunze upya jambo ambalo nilidhani nalijua. Nimeendesha pikapu kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo nilinunua matairi kama wanunuavyo watu wengi ninaowafahamu: nilitazama kashata, nikabonyeza mpira kwa kidole gumba, nikauliza bei, nikahakikisha kwamba namba ya rimu inalingana. Sikuwahi kuuliza tairi hilo linaweza kubeba kilo ngapi. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye pikapu ya kazi, hasa wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambaye wiki ijayo au mwezi ujao atasimama dukani mbele ya safu ya matairi yanayofanana na kutakiwa kuamua.

Tuanze na maandishi ya ubavuni, kwa sababu karibu kila kitu unachohitaji kimeandikwa pale. Pikapu yangu ni Hilux ya kabini moja yenye rimu za inchi 16, na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema matairi yake ni 205R16C. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, herufi R inaonyesha kwamba nyuzi zake zimepangwa kwa mfumo wa radial, yaani zinakatiza tairi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na herufi C ya mwisho, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote machoni mwa mnunuzi, inasema kwamba tairi hilo limetengenezwa kwa magari ya kubeba mizigo. Baada ya hapo kuna namba nyingine, katika tairi la aina yangu 110/108, ikifuatwa na herufi moja. Hiyo ndiyo namba ya uzito. Namba 110 haina maana ya kilo 110. Ni namba ya jedwali linalotumika duniani kote, na katika jedwali hilo 110 ni kilo 1,060 kwa tairi moja. Namba ya pili, 108, ni kilo 1,000, nayo huhusu magari yanayofungwa matairi mawili mawili kila upande. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190. Kwa gari linalobeba viazi herufi hiyo haiwezi kukuumiza kichwa. Namba ya uzito ndiyo ya kukodolea macho.

Matairi niliyokuwa nimeuziwa yalikuwa 225/70R16, yenye namba ya uzito 103. Yalikaa kwenye rimu bila shida, yalikuwa mapana kuliko ya awali, na gari lilipendeza. Lakini 103 katika jedwali ni kilo 875. Maana yake ni kwamba katika kila gurudumu la nyuma nilikuwa nimepunguza uwezo wa kilo 185, na kwa ekseli nzima ya nyuma kilo 370, na nililipa fedha kwa ajili ya upungufu huo nikiamini nimeliboresha gari. Isitoshe, kuna kanuni inayotumika Marekani, nami naiona ya busara hata kwetu, kwamba tairi la gari la abiria likifungwa kwenye gari la mizigo uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, kwa kuwa gari la mizigo hulitesa tairi zaidi: hupakiwa kupita kiasi mara nyingi, kitovu chake cha uzito kiko juu, na huyumba kwenye kona. Ukifanya hesabu hiyo, kilo 875 zinabaki kama 795.

Sasa linganisha na mzigo wenyewe. Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya, kwa sababu tunahesabu magunia badala ya kilo. Gunia la mazao kisheria halipaswi kuzidi kilo 100, lakini kila aliyewahi kupakia viazi anajua lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likawa na umbo la mtu aliyevaa kofia. Lumbesa humwonea mkulima, na hilo limesemwa sana, ila sijasikia ikisemwa kwamba humwonea pia mwenye gari, kwa kumfanya aamini amebeba tani moja kumbe amebeba tani moja na robo au zaidi. Baada ya ajali ile nilimwomba mnunuzi mmoja wa mazao mwenye mizani ya magari aniruhusu nipime. Nilipandisha magurudumu ya nyuma peke yake kwenye mizani, gari likiwa tupu, ikasoma kilo 740. Nilipopakia magunia kumi kama yale ya siku ya ajali na kurudia, ekseli ya nyuma peke yake ilisoma kilo 1,910. Hiyo ni kilo 955 kwa kila tairi la nyuma. Matairi yangu ya kilo 875 yalikuwa yanazidiwa kwa kilo 80 kila moja gari likiwa limesimama, kabla ya shimo hata moja, kabla ya kona hata moja ya mlima Kitonga.

Nashauri kwa moyo wote kila mwenye pikapu afanye kipimo hiki mara moja tu katika maisha ya gari lake. Hakichukui nusu saa. Ukishajua uzito wa ekseli ya nyuma gari likiwa tupu na likiwa limebeba mzigo wako wa kawaida, gawanya kwa mbili, ongeza akiba ya kutosha, kisha nenda kwenye jedwali ukatafute namba ya uzito unayoihitaji. Kwa kumbukumbu, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250 na 121 ni kilo 1,450. Ukienda dukani na namba hiyo kichwani, nusu ya matairi yaliyo mbele yako yatajiondoa yenyewe, na muuzaji atakuheshimu. Wala usichukue tairi lenye nguvu kama ruhusa ya kuzidisha mzigo. Springi, breki, beringi za magurudumu na fremu ya gari vina kikomo chao ambacho tairi haliwezi kukisogeza. Mimi sasa napakia magunia saba ya lumbesa, au tisa yaliyofungwa sawasawa, na nimekubali kupoteza nauli ya yale yanayobaki.

Utakutana pia na alama za 6PR, 8PR na 10PR. Zamani zilihesabu matabaka ya nyuzi za pamba ndani ya tairi; siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, na tairi la 8PR laweza kuwa na matabaka mawili au matatu ya nyuzi imara zaidi. Matairi ya mtindo wa Kimarekani hutanguliwa na herufi LT, na nguvu zake hutajwa kwa herufi: C ni sawa na 6PR, D ni 8PR, E ni 10PR. Angalia hapa usichanganye, kwa sababu herufi C ya mwisho wa 205R16C na herufi C ya nguvu katika matairi ya LT ni vitu viwili tofauti kabisa, na nimewahi kumsikia muuzaji akizifanya kitu kimoja.

Sasa nije kwenye upepo, ambao katika ajali yangu ulikuwa na lawama sawa na tairi lenyewe. Tairi halibebi mzigo. Upepo uliomo ndani ndio unaobeba, na tairi ni mfuko wa kuuhifadhi. Kwa hiyo zile kilo 1,060 zinapatikana tu tairi likijazwa hadi kiwango chake cha juu, ambacho kwa tairi la C la 8PR kwa kawaida ni psi 65 (psi ni kipimo cha mkazo wa upepo), wakati tairi la kawaida la gari la abiria hufikia uwezo wake kwenye psi 36 hivi. Mtu akinunua tairi la C kisha akaendelea kujaza psi 30 kama alivyozoea, amenunua nguvu na kuiacha dukani. Upande mwingine, psi 65 katika pikapu tupu itakurusha kama mpira na kulifanya tairi liguse lami kwa ukanda mwembamba wa katikati. Ndiyo maana kibandiko cha mlangoni hutoa viwango tofauti kwa gari tupu na gari lenye mzigo, na kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Kikiwa kimebanduka, kama kilivyobanduka katika magari mengi yanayotoka nje yakiwa yametumika, kitabu cha gari kina jedwali lile lile.

Siku ya ajali nilisimama Ilula kunywa chai. Kijana wa matairi pale alipitisha mkono juu ya matairi yangu ya nyuma, akasema yamechemka na yamejaa kupita kiasi, akanishauri apunguze upepo yasije yakapasuka mbele kwenye joto. Alipunguza, nami nikamshukuru na kumlipa. Leo najua kwamba ushauri ule, ambao husikika kando ya barabara zetu zote na hutolewa kwa nia njema, ni kinyume cha ukweli. Tairi likitembea na mzigo, upepo wake hupanda psi nne, tano au sita, na tairi limetengenezwa likijua hivyo. Kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko ni cha tairi lililopoa. Likipanda zaidi ya psi hizo, linalalamikia jambo jingine: ama mzigo umezidi, ama upepo ulikuwa mdogo tangu asubuhi. Ukitoa upepo katika hali hiyo, ubavu unajikunja zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kule kujikunja na kujinyoosha mamia ya mara kwa kila kilomita ndiko kunakozaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na nyuzi. Ule unga mweusi ambao mzee wa Ruaha alinionyesha ndani ya tairi ulikuwa mpira uliosagwa na ubavu wenyewe.

Sisi tunaoishi juu tuna jambo moja la ziada. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya pwani. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje, kwa hiyo tairi lile lile, likiwa na joto lile lile, litasoma karibu psi tatu pungufu likifika Dar es Salaam. Wakati huohuo kila nyuzi joto tano au sita zinazoongezeka huongeza psi moja hivi, na asubuhi ya Julai ya Njombe ina baridi kali ikilinganishwa na mchana wa pwani. Mambo hayo mawili huvutana na kwa kiasi kikubwa hufutana, jambo ambalo lilinifurahisha nilipolifanyia hesabu, kwa sababu maana yake ni kwamba hakuna haja ya kugusa upepo njiani. Jaza asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa mzigo uliopo mgongoni, kisha uliache. Nunua geji yako mwenyewe. Geji za pampu za barabarani hutofautiana, nimewahi kupata tofauti ya psi saba kati ya vituo viwili vilivyo mtaa mmoja. Na ukijaza hadi psi 60 na zaidi, mwambie fundi aweke vali ya chuma, kwa sababu vali nyingi za mpira za kuchomeka kikomo chake ni psi 65.

Baada ya uzito na upepo ndipo tuzungumzie kashata, ambazo watu wengi huanza nazo. Kuna makundi matatu. Matairi ya H/T ni ya lami: kashata zake zimesongamana, hayana kelele, hushika vizuri breki kwenye mvua na hudumu. Matairi ya M/T ni ya tope: kashata kubwa zilizoachana, zenye nafasi pana za kutupa tope tairi linapozunguka. Matairi ya A/T yako katikati. Alama ya M+S utakayoiona kwenye mengi yake ina maana ya tope na theluji, lakini haihakikishi lolote kwa tope letu. Ni maelezo ya mtengenezaji kuhusu mpangilio wa kashata tu.

Barabara za vijijini kwetu, upande wa Lupembe na kwingineko, ni za udongo mwekundu wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili zinakuwa sabuni. Udongo huu haufanani na mchanga, wala haufanani na tope jeusi la mabondeni. Unanata. Tairi la H/T likipita mita ishirini tu nafasi zote kati ya kashata zinajaa, na kuanzia hapo unaendesha matairi vipara, hata kama uliyanunua jana. Katika udongo huo tairi la M/T ni mfalme, sikatai. Lakini jiulize unapita humo siku ngapi kwa mwaka. Nilipojihesabia, katika kila kilomita kumi ninazoendesha, saba ni za lami, kati ya Njombe, Makambako na Iringa, na mbili ni za changarawe. Kwa ajili ya kilomita moja ya tope ningekuwa nabeba kwenye lami matairi mazito yanayokula mafuta, yanayovuma kama nyuki, na, jambo linalonitisha zaidi, yanayochelewa kusimama kwenye lami iliyolowa kwa sababu mpira unaogusa barabara ni kidogo. Nilichagua A/T yenye namba ya uzito 110. Kilomita ile moja ya tope naivuka kwa minyororo ya magurudumu na jembe, na siku ambazo mvua imenyesha usiku kucha nangoja hadi saa tano jua liikaushe njia. Mwenzangu anayesomba mbao kutoka msituni kila siku alichagua M/T, na kwa njia zake sina la kumpinga.

Kuhusu kuongeza ukubwa wa tairi, nitasema kwa kifupi. Watu wenye Hilux za rimu 17 hupenda kutoka 265/65 kwenda 265/70, na kipenyo huongezeka kutoka milimita 776 hivi hadi 803, yaani asilimia tatu na nusu. Mita ikisoma 80 wewe uko karibu 83, gia zinakuwa ndefu, na gari lenye mzigo linahangaika kidogo zaidi mlimani. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kuchanganya: matairi mawili ya kipenyo kimoja mbele na mawili ya kipenyo kingine nyuma, katika gari ambalo huunganisha magurudumu yote manne. Ukiunganisha kwenye ardhi ngumu gia za kugawa nguvu zinavutana zenyewe kwa zenyewe hadi kitu kikatike, na kitu hicho kina bei kuliko matairi sita. Ukiwa na fedha ya matairi mawili mapya tu, yafunge nyuma. Pikapu tupu ina mkia mwepesi, na kwenye mvua mkia ndio unaoteleza kwanza. Mbele ikiteleza dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo, nyuma ikiteleza mara nyingi gari huwa limeshageuka.

Dukani, baada ya namba ya uzito, tafuta namba nne zilizofungwa ndani ya umbo la yai karibu na herufi DOT. Namba 3522 ina maana kwamba tairi lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2022. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo pindua tairi. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na zaidi ukiwa umeanikwa juani mbele ya duka. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi liondolewe baada ya miaka sita, na watengenezaji wa matairi huweka miaka kumi kuwa mwisho kabisa hata kama kashata zimebaki. Kwa gari la mizigo mimi huchukua miaka sita kuwa mpaka wangu, na sinunui tairi linaloitwa jipya lililokwisha kupitisha miaka miwili.

Najua kwamba watu wengi hawanunui mapya. Matairi ya mtumba yapo katika kila mji, na nimeyatumia miaka mingi, kwa hiyo simlaumu anayeyanunua, kwani seti mpya ni fedha ya msimu mzima kwa mkulima mdogo. Ninachoomba ni kwamba ukinunua mtumba usome namba ya uzito na namba ya wiki kwa ukali ule ule, na uingize mkono ndani ya tairi. Tafuta kipande kilichobandikwa, tafuta mkunjo unaozunguka ubavu, tafuta unga. Tundu la msumari katikati ya kashata likizibwa vizuri halina neno. Tundu la ubavuni halizibiki kwa usalama, hata fundi akuapie. Na kataa kabisa matairi yaliyochongwa kashata upya kwa kisu cha moto. Yapo matairi ya malori yanayotengenezwa yakiwa na mpira wa ziada wa kuchongwa, nayo huandikwa hivyo ubavuni. Tairi la pikapu halina mpira huo, na anayelichonga anakaribia nyuzi za chuma ili tu jicho lako lidanganyike kwa wiki mbili.

Limebaki tairi la akiba, ambalo katika Hilux huning'inia chini ya bodi, likila vumbi, mawe na tope kwa miaka bila mtu kuliangalia. Siku ile katika bonde la mibuyu ilituchukua karibu saa nzima kulishusha, kwa sababu mnyororo wake ulikuwa umeshikana kwa kutu, na tulipolishusha lilikuwa na psi 14. Lilikuwa la 205R16C, la asili ya gari, wiki ya 9 ya mwaka 2008. Tulilifunga hivyo hivyo, tukapunguza magunia manne na kuyaacha na kijana wangu chini ya mbuyu, nikaenda kwa mwendo wa baiskeli hadi kwenye banda la yule mzee. Sasa ninalo la akiba lenye umri sawa na yale manne, ninalizungusha pamoja nayo kila kilomita 8,000, na mnyororo wake naupaka grisi kila mwanzo wa mvua. Ndani ya mlango, karibu na kibandiko, nimeandika kwa rangi nyeupe viwango vya upepo vya gari tupu na gari lenye mzigo, ili hata siku ambayo siendeshi mimi, kijana asimame pale na kusoma kabla hajawasha injini.